Max Fleischer na Katuni za Viraka

Msafiri anayesubiri boti ya Unguja katika bandari yetu ya Mkoani hakosi cha kumpitishia wakati. Zamani palikuwa na bao na soga. Siku hizi pana simu. Juzi tulikaa katika sehemu ya kusubiria nyuma ya mtoto wa kiasi cha miaka minane, aliyeishika simu ya babu yake kwa mikono miwili akitazama katuni ya Popeye, yule baharia wa Kimarekani anayepata nguvu kwa kula mchicha wa kopo. Baharia alikuwa amevaa nguo nyeupe, akiwatembeza wapwa zake ndani ya nyumba ya makumbusho na kuwasimulia jinsi alivyopambana na Sindbad. Ghafla nguo zikawa za rangi nzito, mkono wa mchoraji ukawa mwingine, kisiwa kikawa na kina, na majabali yakazunguka kama yaliyojengwa kwa mawe ya kweli. Dakika chache baadaye nguo nyeupe zikarudi, na picha ikawa bapa kama sinia. Mtoto akamwuliza babu yake sababu. Babu hakuwa na jibu. Sisi tulikuwa nalo, lakini abiria waliitwa na kila mtu akakimbilia mizigo yake.

Tumeona tulitoe hapa, kwa kuwa jibu hilo ni maisha ya mtu mzima, na ndani yake mna jambo linalowahusu wananchi wa visiwani na maofisa wa Serikali kuliko anavyodhani mtu anayeipita katuni ya watoto kwa jicho la upande.

Katuni aliyoitazama mtoto yule ilitolewa mwaka 1952. Kisa cha Sindbad kilichomo ndani yake kilichorwa mwaka 1936, miaka 16 kabla, na watu wengine katika studio ya mtu mwingine. Walichokifanya waliokuja baadaye ni kuchukua mkanda wa zamani, kuukata, kuutia mwanzo mpya na mwisho mpya, na kuupeleka katika majumba ya sinema kama kitu kipya. Mtu aliyeisimamia kazi ile ya mwaka 1936 ni Max Fleischer.

Alizaliwa tarehe 19 Julai 1883 katika mji wa Kraków, ambao siku hizo ulikuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria na leo umo Poland. Wazazi wake walikuwa Mayahudi, na baba yake alikuwa mshonaji. Mwaka 1887 jamaa wakahamia New York. Mshonaji yule alipata kwanza wateja wa watu wakubwa, kisha biashara ikaharibika, na watoto wakakulia Brownsville, mtaa wa wafanyakazi katika Brooklyn. Hatudai kwamba mwana wa mshonaji huzaliwa na mkasi mkononi, ila wasomaji wataona mbele kwa nini tumeitaja kazi ya baba.

Max alijifunza uchoraji wa biashara katika taasisi ya Cooper Union, akaanza kazi katika gazeti la Brooklyn Daily Eagle akiwa tarishi. Kutoka utarishi alipanda hadi kuwa mpiga picha, mchonga vibao vya kuchapia picha, na mwisho mchoraji wa katuni. Sisi wa magazeti hatuchoki kulikumbusha jambo hilo kila tunapomwona tarishi akidharauliwa. Baadaye akawa mhariri wa picha katika jarida la Popular Science, ambalo kazi yake ilikuwa kuwaelezea watu wa kawaida mitambo na uvumbuzi. Hapo ndipo ufundi na uchoraji vilipokutana ndani ya mtu mmoja.

Katuni za wakati ule zilikwenda kwa kushtukashtuka. Fleischer akabuni chombo kilichoitwa rotoskopu. Mtu wa kweli alipigwa filamu akitembea au akicheza; filamu ile ikaangazwa picha moja moja chini ya kioo; na mchoraji akafuatisha umbo juu ya kioo, picha baada ya picha. Ndugu yake Dave alivaa nguo za chale na kurukaruka mbele ya kamera, na ndugu mwingine, Joe, akasaidia kuunda mtambo. Jaribio la kwanza liliwachukua karibu mwaka mzima. Aliomba hataza ya uvumbuzi huo mwaka 1915 akaipata mwaka 1917. Marekani ilipoingia vitani mwaka huo huo, alipelekwa kambi ya Fort Sill huko Oklahoma kutengeneza filamu za kuwafundisha askari.

Mwaka 1921 yeye na Dave wakafungua studio yao. Chale aliyetoka katika rotoskopu akapewa jina la Koko, na kila safari alichomoza kutoka katika chupa ya wino ya Max mwenyewe, ambaye alionekana katika filamu akiwa na kalamu mkononi. Mwaka 1923 studio hiyo ilitoa filamu ya kueleza nadharia ya Einstein. Mwaka 1924 ikaanza katuni za nyimbo, ambamo kipira kidogo kiliruka juu ya maneno na ukumbi mzima ukaimba kwa kukifuata. Na kufikia mwaka 1926 alikuwa amekwisha kutoa katuni zenye sauti, miaka miwili kabla Mickey Mouse wa Walt Disney hajasikika. Kisha wakaja wale waliompa utajiri: Betty Boop mwaka 1930, na Popeye mwaka 1933. Huyu wa pili hakuwa wake. Alibuniwa na mchoraji E. C. Segar katika magazeti mwaka 1929, na Fleischer akakodi haki ya kumpeleka katika sinema.

Sasa tuje katika viraka. Filamu yenye sauti hupitisha picha 24 kwa kila sekunde moja, kwa hiyo katuni ya dakika saba hupitisha picha 10,080 mbele ya taa. Hata pale mchoro mmoja unapopigwa picha mara mbili, bado inahitajika michoro kiasi cha 5,000, kila mmoja uchorwe kwa penseli, unakiliwe kwa wino juu ya seluloidi, utiwe rangi kwa brashi, kisha upigwe picha peke yake. Studio ya Fleischer ilikuwa na mkataba na kampuni ya Paramount, nayo Paramount ilitaka idadi yake ya katuni kila mwaka bila kuchelewa. Siku zilipobana na fedha zilipopungua, fundi alifungua sanduku la mikanda ya zamani. Siku zile mtazamaji aliiona katuni mara moja katika jumba la sinema na haikurudi tena. Televisheni haikuwa imeingia majumbani. Nani angekumbuka katuni ya miaka miwili iliyopita? Wenyewe katika kazi hiyo walizipa katuni za namna hii jina lenye maana ya udanganyifu, nao walilitamka wakicheka.

Mwaka 1932 Fleischer alitoa katuni ya Betty Boop katika kisiwa cha mianzi. Mwanzoni mwake walionyeshwa wacheza ngoma wa kweli kutoka visiwa vya Samoa, katika bahari ya Pasifiki, na ngoma ya mwanamke mmoja miongoni mwao ikafuatishwa kwa rotoskopu na kugeuzwa kuwa ngoma ya Betty. (Vazi la Betty katika ngoma hiyo hatulipendekezi mbele ya watoto wetu.) Mwaka uliofuata, Popeye alipotolewa kwa mara ya kwanza, mtazamaji alimwona Betty jukwaani akicheza ngoma ile ile, michoro ile ile, na baharia akachorwa ubavuni mwake. Mwaka 1934 ngoma ikatokea tena, mara ya tatu, katika katuni iliyojaa vipande vya kale, ambamo Max Fleischer mwenyewe anaonekana akihojiwa na mwandishi wa habari, huku Betty akitoka katika wino kuonyesha kazi zake za nyuma. Basi viuno vya mwanamke mmoja wa visiwani vilikwenda mara tatu sokoni. Mwaka 1932 sura yake ilionyeshwa. Mwaka 1933 waliomwona Betty hawakumwona tena yeye.

Tusimhukumu Fleischer kwa haraka. Katika viraka vyake kulikuwa na namna ya uungwana, maana aliitafutia kila katuni sababu ya kurudi nyuma. Mwaka 1936 Popeye na hasimu wake Bluto wanagombea nafasi moja ya uaskari, na kila mmoja anafungua kitabu cha picha zake kuthibitisha ushujaa. Mwaka 1939 wanafungua vibanda viwili vya michezo ya senti moja moja na kumvuta mteja mmoja aje atazame sinema zao. Mwaka 1940 Popeye anaomba kazi ya kucheza mambo ya hatari katika filamu na kuleta mikanda yake ili ionekane. Kiraka kimewekwa mbele ya macho, kama kile cha mvuvi juu ya tanga, ambacho hakuna anayekionea haya.

Wala hakuwa peke yake. Disney, aliyekuwa na fedha zaidi, alipotakiwa na Serikali ya Kanada mwaka 1941 atengeneze filamu za kuwahimiza wananchi kununua hati za akiba ya vita, alichukua picha za nguruwe watatu alizozitoa mwaka 1933, akaipa nyumba ya matofali kazi mpya ya kusifu uwekaji wa akiba. Filamu ya kuhimiza akiba ikatengenezwa kwa mabaki! Ofisa yeyote anayepanga matumizi ya idara yake angeipitisha bila swali.

Neno letu liko mahali pengine. Mchoraji katika studio ya Fleischer alilipwa kwa wiki, wala si kwa mara ngapi mchoro wake utaonyeshwa. Mchoro ulipotoka mezani ulikuwa mali ya studio, na ulipochezwa mara ya pili na ya tatu, aliyeuchora hakuhusika. Mwezi Mei 1937 wachoraji wake waligoma, wakidai mishahara, saa za kazi na kutambuliwa kwa chama chao. Mgomo ule, ambao ulikuwa mkubwa wa kwanza katika kazi ya katuni, uliendelea hadi Oktoba, na tajiri aliyekuwa akiwaona wafanyakazi wake kama jamaa zake aliumizwa nao sana. Hilo tunalielewa. Walakini jamaa asiyeshiba haachi kuwa na njaa kwa sababu anapendwa. Mwaka uliofuata studio ikahamishiwa Miami, mbali na vyama vya New York, kwa fedha za mkopo kutoka Paramount.

Kabla ya hapo, katika mwaka 1936, alikuwa ametoa kazi ambayo mtoto wetu wa bandarini aliiona bila ya kujua. Ni kisa cha mikanda miwili, kwa rangi, cha Popeye kumkabili Sindbad. Katika Alfu Lela Ulela Sindbad ni mfanyabiashara wa baharini anayevunjikiwa na chombo na kuokoka kwa akili. Fleischer alimgeuza jitu la majivuno, mwenye sura ya Bluto, mtawala wa kisiwa kilicho juu ya mgongo wa nyangumi, anayemtuma ndege Rukh akavunje jahazi la Popeye na kumteka mchumba wake. Wazee wetu wa Pemba waliokisikia kisa cha Rukh barazani wangelalamika kwa haki. Marco Polo alilihusisha dege hilo na Madagaska, kwa hiyo ni jirani yetu. Lakini ufundi wa katuni ile ulikuwa wa ajabu. Majabali ya kisiwa yalijengwa kweli, kwa vipimo vidogo, juu ya meza ya kuzunguka, na michoro ikasimamishwa mbele yake, ndiyo maana picha ikawa na kina. Mwaka 1937 kikafuata kisa cha Ali Baba kwa ufundi kama huo, na mwaka 1939 kile cha Aladini.

Huko Miami alitoa filamu ndefu ya safari za Gulliver mwezi Desemba 1939, na mwaka 1941 akaanza mfululizo wa Superman. Madeni yalizidi. Yeye na Dave walifika kiasi cha kutosemezana. Mwaka 1941 Paramount ilidai fedha zake, ikachukua umiliki wa studio na kuwataka ndugu hao waandike mapema barua za kujiuzulu. Filamu ndefu ya pili, kisa cha wadudu wanaotafuta makao mjini, ilitoka mwezi ule ule wa Desemba ambao Japani ilishambulia Pearl Harbor, nayo haikurudisha gharama. Barua zikatumika. Studio ikapewa jina jingine na kurudishwa New York, na miongoni mwa wakuu wake wapya alikuwamo Seymour Kneitel, mkwe wa Max.

Na hapa sanduku la mikanda likafunguliwa tena, safari hii na wengine. Mwaka 1944 Popeye analazimika kumthibitishia mchumba wake kuwa bado ana nguvu, na ushahidi anaoutoa ni vipande vya Sindbad na vya Ali Baba. Mwaka 1950 Ali Baba akarudi peke yake, kwa hila kwamba Popeye anatengeneza sinema. Mwaka 1952 akarudi Sindbad, katika nyumba ile ya makumbusho. Sindano ilikuwa ile ile na Fleischer ndiye aliyeifundisha studio kuitumia. Tofauti ni kwamba mshonaji alikuwa nje ya mlango, na jina lake halikuandikwa mwanzoni mwa katuni ambayo sehemu yake nzuri kuliko zote ilitoka katika kazi yake.

Katika miaka hiyo alikuwa Detroit, akiongoza kitengo cha katuni katika kampuni ya filamu za mafunzo na matangazo, ambako mwaka 1948 alitengeneza katuni ya paa wa Krismasi mwenye pua nyekundu kwa ajili ya duka moja kubwa. Katikati ya miaka ya 1950 televisheni ilikuwa imeenea Marekani na vituo vilitafuta cha kuwaonyesha watoto. Paramount ikauza katuni za zamani kwa mamia, na walionunua wakabadilisha vibao vya majina. Fleischer akaenda mahakamani akilalamika kwamba jina lake limeondolewa katika kazi alizozitengeneza. Mahakama haikumpa haki aliyoidai. Mali ilikuwa ya aliyeinunua. Hoja iliyowanyamazisha wachoraji wake mwaka 1937 sasa ilimnyamazisha yeye.

Tunasita hapa kidogo kwa ajili ya wasomaji wetu walio maofisini. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003 na ina chombo cha kusimamia haki hizo. Hata hivyo, sikukuu ya Taifa inapofika na ngoma ya Msewe ikachezwa uwanjani, kamera ni nyingi kuliko wachezaji. Picha zile hukaa katika sanduku la mtu fulani. Miaka miwili baadaye tunaziona katika tangazo la hoteli, kisha katika filamu ya semina, kisha katika simu, na kila zinaporudi maelezo yamepungua: kwanza limeondoka jina la kikundi, halafu la shehia, halafu la Pemba yenyewe. Hatutaki picha zikatazwe kutumika mara ya pili, maana chombo kisichotiwa kiraka huzama. Tunaomba kwamba siku ya kupiga picha iandikwe kwenye karatasi moja nani amecheza, wapi na mwaka gani, na kwamba kikundi kijue mapema kitalipwa nini picha zikirudi sokoni. Kazi hiyo haihitaji bajeti mpya. Inahitaji kalamu, na ofisa asiyeondoka kabla ngoma haijaisha.

Uzee wa Fleischer haukuwa wa uchungu mtupu. Mwanawe Richard alikuwa mwongozaji wa filamu, na Disney ndiye aliyemwajiri kuongoza filamu kubwa ya chini ya bahari, iliyotoka mwaka 1954. Max akaitembelea studio ya hasimu wake wa miaka 30, akapokewa kwa heshima, na wazee wakakaa kuzungumza. Mwaka 1961 Koko alirudishwa katika televisheni kwa katuni 100 mpya zilizotengenezwa na mwenzake mmoja, bila ya ladha ile ya zamani. Alifariki mwezi Septemba 1972 katika makao ya wazee wa sinema huko Woodland Hills, California, akiwa na umri wa miaka 89.

Katika miaka hiyo ya 1970 vituo vya televisheni vilitaka rangi. Katuni za Betty Boop, zilizokuwa nyeusi na nyeupe, zikapelekwa Korea Kusini, na huko wachoraji waliolipwa ujira mdogo wakazifuatisha upya, picha baada ya picha, wakiacha mistari mingi njiani ili kazi iishe upesi. Kazi ya mtu aliyevumbua kufuatisha ikafuatishwa.

Mwaka 2004 maktaba ya bunge la Marekani iliiweka katuni ya Sindbad ya mwaka 1936 katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa na taifa. Mwaka 2007 katuni za mwanzo za Popeye zilisafishwa na kutolewa katika diski, na vibao vya mwanzo vikarudishwa kama vilivyokuwa, jina la Max Fleischer likiwa mahali pake. Mkanda uliokuwa ukichezwa katika simu pale bandarini Mkoani haukuwa huo. Ulikuwa ule wa mwaka 1952, na boti ilipopiga honi mtoto alikuwa bado anamtazama babu yake, akingoja kuambiwa zile nguo za kwanza zilikuwa za nani.